Kamera Mbili, Anwani Moja

Mke wangu mpenzi,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba kamera inayokagua vifuniko vya chupa kiwandani ilipofuka macho ghafla.

"Fundi, imekufa?" msimamizi akauliza.

"Haijafa, bosi. Imenuna."

Nikabadilisha waya, wapi! Kumbe kamera mpya iliyofungwa kando yake ilipewa anwani ileile ya mtandao. Kompyuta ikiita, zinaitika zote mbili na hakuna inayosikika. Nikaipa mpya anwani yake yenyewe. Chupa zikaanza kuelea kwenye skrini, polepole, kama za ndotoni, na katikati yao nikakuona wewe na mama yangu mkigombea jiko moja. Basi nimempangia mama chumba mtaa wa pili, ili urudi nyumbani.

Mumeo, mla mikate mikavu.

Tanbihi: Mama amekataa kuhama.