Bahari Iliyo Sebuleni

Korogwe,
2 Aprili 1994

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua kuuma na mvua imekukuta umeshapanda. Mimi sijambo, nakula na kulala. Najua utasema nakuficha, basi nikueleze: kula nakula, kulala ndiyo kidogo.

Umeuliza kwa nini sikuja Idi. Mama, ni lile tangi la kioo. Sufiani alipopunguzwa kazi kwenye mkonge akaenda Maskati kutengeneza pampu, hakuniachia kitu kingine cha kutunza ila hilo. Alilinunua kwa mzungu mmoja fundi aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Limekaa sebuleni, pale ambapo wenzangu wanaweka kabati la vyombo. Ni bahari kabisa, ila ndogo. Maji yake yalitoka Tanga kwa madumu. Ndani mna samaki wadogo wa rangi ya chungwa, na matumbawe, ambayo ukiyatazama haraka utadhani ni mawe, kumbe yana uhai na yanakula.

Kazi yenyewe ni kuyafanya maji yasibadilike. Joto likizidi maji yanapungua, lakini chumvi haiendi popote, inabaki humo humo. Kwa hiyo kila asubuhi naongeza maji ya mvua taratibu mpaka yafike kwenye alama. Halafu nachota kwenye kichupa, natia matone ya dawa. Yakiwa bluu, ni salama. Yakielekea kijani, maji yamechoka, na matumbawe yanajikunja. Hapo natia unga mweupe alioniachia Sufiani. Nikiondoka siku chache tu nitakuta vimekufa vyote. Siku anaondoka aliweka kiganja kwenye kioo akasema, "Nikirudi nataka niikute hivi hivi."

Unga unakaribia kuisha. Aliahidi kuleta mwingine, lakini tangu kabla ya Ramadhani hajaandika. Nadhani ana kazi nyingi.

Mwanao,
Maryamu


Kwedizinga,
21 Aprili 1994

Mwanangu Maryamu,

Marahaba. Goti ni lile lile, usilitaje, likisikia jina lake linaamka. Mvua ilikuja mara moja ikajiendea. Mahindi yamesimama yananitazama. Mdogo wako Mdoe kaenda Mererani kuchimba mawe ya bei, kwa hiyo hapa tumebaki mimi na mbuzi. Barua naandika kwa mkono wangu mwenyewe, ule wa darasa la ngumbaru, ukiona herufi zimelala ujue ni usingizi wangu, si ujinga.

Habari za bahari yako nimezisoma, nikacheka, halafu nikakasirika. Huku lambo limekauka, tunachota tope pamoja na ng'ombe wa akina Metito, wewe unawachagulia samaki maji ya mvua. Mume akikuachia mtoto, unajua la kufanya. Akikuachia shamba, unajua. Huyu kakuachia chumvi. Simsemi vibaya mkwe wangu, nampenda, alinijengea choo. Lakini mtu anayerudi huandika.

Kuhusu huo unga, nakutumia magadi kwa Kibwana, yule mnunuzi wa mahindi. Siku hizi wanakuja na malori yao hata mahindi hayajakauka, kila mtu mfanyabiashara. Ni magadi yale yale ninayotia kwenye mlenda. Wamasai wanawalambisha ng'ombe na wananenepa. Wape na hao wako, kisha uwaage, urudi nyumbani.

Mama yako,
Mwanaidi


Korogwe,
9 Mei 1994

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, leo sina salamu ndefu.

Magadi nimeyapata. Jana nilipima maji yakawa kijani kabisa, na kopo la unga limebaki kopo. Nikayasaga magadi, nikatia kiganja kizima. Maji yakageuka meupe pale pale, kama maji yaliyooshewa mchele. Samaki wako juu wanahangaika na pumzi. Matumbawe yamejifunga yote. Umeme nao ni zamu yetu kukatwa, pampu ya hewa imesimama, kwa hiyo nachota kwa kata na kumwaga, nachota na kumwaga. Naandika mkono mmoja umelowa. Nimemtuma jirani akaniletee madumu mawili kutoka Tanga.

Nataka kukuuliza jambo, na nakuomba usinijibu kwa mzaha. Ulitaka tangi hili life, ili nirudi?

Maryamu


Kwedizinga,
28 Mei 1994

Maryamu,

Salamu utazipata siku nyingine. Umeniumiza.

Ningetaka life ningekuja na nyundo. Mimi si mtu wa kuzungukia nyuma ya nyumba. Kwamba nataka urudi nalisema kwa mdomo wazi, nalisema na leo: rudi nyumbani. Sasa hila za nini? Uliniambia umeishiwa, nikafungua kibuyu nikakutumia nilichokuwa nacho. Hicho ndicho nilichofanya, hakuna kingine.

Na wewe nani alikufundisha kutia magadi makavu kwa kiganja? Hata mlenda unaharibika. Magadi huyeyushwa kwanza kwenye maji, ukaacha taka zikae chini, ukachuja, ukatia kidogo, ukaonja, ukatia tena. Nilidhani kila mwanamke aliyetoka nyumbani kwangu anajua hilo. Kumbe nililea mgeni.

Wamekufa? Niambie, maana tangu barua yako sili vizuri, na sijui ni kwa sababu yako au ya hao samaki nisiowajua.

Mama yako


Korogwe,
4 Septemba 1994

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na tena shikamoo. Nimekaa kimya muda mrefu. Mwanzoni ni kwa aibu, baadaye ni kwa sababu nyingine nitakayoieleza.

Samaki mmoja alikufa. Matumbawe mengine yalipauka yakawa mifupa. Lakini maji ya Tanga yalifika, nikabadilisha kidogo kidogo wiki nzima, na asubuhi moja tumbawe moja likafungua vidole vyake. Nilikaa sakafuni nikalia. Sasa magadi nayafanya ulivyosema, nayeyusha, nachuja, natoboa kopo kwa sindano, yanadondoka tone kwa tone huku napima. Bluu haijanikimbia tangu Juni. Ulikuwa sahihi na mimi nilikukosea, nisamehe mama.

Sababu nyingine ni hii. Shemeji Abdi amerudi kutoka Maskati. Sufiani ameoa huko. Talaka yangu Abdi aliibeba mfukoni kwenye shati, na alipoitoa ilikuwa imelowa jasho. Tangi Sufiani ameshaliuza kwa mwenye hoteli inayojengwa Tanga, watalichukua hoteli ikikamilika. Nikamuuliza shemeji kama kaka yake ameulizia matumbawe. Akasema hakuyataja.

Miaka yote hii nalinda maji yasibadilike, na aliyeniagiza ndiye aliyebadilika. Nimemlilia mpaka nimechoka. Bado nampenda, nakuambia wewe tu, na nikisikia mlango nageuka. Nitakaa eda humu humu ndani, Abdi amekubali. Njoo unione. Nakutamani mama, nataka hata unigombeze.

Mwanao,
Maryamu


Kwedizinga,
15 Novemba 1994

Mwanangu,

Nimefika salama. Lori la Kibwana liliharibika njiani, tukalala juu ya magunia, lakini mifupa yangu imehesabika yote ipo.

Sikukuambia hili nilipokuwa kwako, naona haya. Siku ile umeenda sokoni nilivuta mkeka nikakaa mbele ya kile kioo. Nikasema nitazame kidogo nijue kinachomla mwanangu. Adhuhuri ikanipita, nikaja kuswali alasiri inakaribia. Mimi sijawahi kuiona bahari. Nilikuwa najua ni maji mengi tu. Hakuna aliyeniambia kwamba chini kumechanua.

Kwa hiyo nimekuelewa. Lakini kuelewa si kukubali. Talaka si ugonjwa, eda ikiisha rudi nyumbani. Nimekupakia chokaa chumba cha mashariki. Watu watakusema mwezi mmoja, kisha watapata mwingine wa kumsema. Mdoe hana habari ya kurudi, mawe hayajaonekana, na mimi jioni nawasimulia mbuzi. Nakusubiri.

Mama yako,
Mwanaidi


Korogwe,
14 Januari 1995

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini vuli haikukuangusha. Eda imeisha, mimi ni mzima. Nimeanza barua hii mara nyingi nikachana.

Mwenye hoteli amekuja na mafundi wake kulitazama tangi. Anaitwa Kasmiri, mtu wa maneno machache. Alizunguka, akainama, akauliza nani anayeyapima maji. Nikasema mimi. Akauliza nani amenifundisha, nikasema mume wangu kwanza, halafu mama yangu. Akaniambia hoteli itakuwa na tangi kubwa kuliko hili, ukutani, na hana mtu. Anataka niende nalo Tanga, nifanye kazi hiyo.

Mama, nilisema ndiyo kabla sijakukumbuka. Nilipokukumbuka nilitaka kuirudisha ile ndiyo, ikakataa kurudi. Nilidhani nilikuwa namsubiri Sufiani. Labda mwanzoni. Lakini alipotoka moyoni, kila asubuhi niliamka kwa hamu ile ile, kwenda kuona kama yamefunguka. Hamu hiyo ni yangu mimi. Sijawahi kuwa na kitu ninachokijua namna hii.

Najua chumba kina chokaa. Najua uko peke yako. Ukisema nisiende, sitakwenda. Nasubiri neno lako.

Mwanao,
Maryamu


Kwedizinga,
3 Februari 1995

Maryamu mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo.

Barua yako imenikuta natwanga. Nikaisoma nimesimama, nikaiweka kwenye kanga, nikaendelea kutwanga mpaka mahindi yakawa vumbi. Sitakudanganya, nimelia na nimekutukana, na baadhi ya matusi ni ya Kizigua, hayaandikiki.

Kisha nikafikiri. Ungerudi ungenifurahisha mimi. Ungepika, tungezungumza jioni, na kila anayepita angeingia kukupa pole, mpaka ungezoea kuonewa huruma. Lakini nilikuona kule Korogwe ukikinyanyua kile kichupa dirishani. Tangu uolewe sijakuona umetulia vile. Nilikuona nikanyamaza, kwa sababu nilijua nikilisema utaondoka.

Radhi yangu unayo, na sikuitoa kwa shingo upande. Ila usinitake nifurahi mwezi huu. Nipe muda.

Kuna neno nimekuandikia kila barua, najua umelichoka. Naliandika leo, halafu sitaliandika tena maadamu niko hai. Rudi nyumbani, Maryamu.

Haya. Nimelimaliza. Nenda Tanga ukafanye kazi.

Mama yako,
Mwanaidi