Macho ya Kaka Yangu Bahati

Bredäng, Stockholm

Mpendwa mjukuu wangu Furaha,

Sisi hatujambo, ila theluji imemfungia bibi yako ndani. Unasema masomo ya chuo yamekuchanganya: je, ukweli ni mmoja, au kila jamii ina wake? Hata mimi, mwalimu mstaafu, sijui vizuri.

Utotoni kwetu Bukavu, mpira wa shule ulipotea. Padri mgeni kutoka Ulaya akamhoji kaka yangu Bahati, naye akainamisha macho, kama mtoto yeyote mbele ya mkubwa.

"Anaficha macho. Ni mwizi, afukuzwe," akasema padri.

"Anakuheshimu, mon père," akajibu baba.

Macho yalikuwa yaleyale, kila mmoja akayasoma kwa desturi yake. Lakini mpira haukuwa na desturi: ulikutwa juu ya paa la kanisa, na Bahati akarudi darasani.

Nilidhani hilo ndilo jibu: desturi ni nyingi, ukweli ni mmoja. Juzi kikombe changu kilivunjika, nikamuuliza mdogo wako Amani. Akanikazia macho, kama watoto wa huku wanavyofundishwa: "Si mimi, Babu."

Nikawaza, mtoto asiye na adabu namna hii, ni yeye tu.

Bibi yako akapaza sauti kutoka jikoni, "Mwache mtoto. Nilikivunja mimi."

Basi ukipata jibu huko, niandikie. Amani bado amenuna.

Babu yako