Nai ya Bati Hatukuigandisha

Kizimbani, Wete,
Pemba.
20 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Haroub,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo? Mkeo na watoto hawajambo? Kile kifua cha baridi kimepungua, au bado unakohoa kama siku ile kwenye simu? Sisi huku wazima, alhamdulillah, ila goti langu la kushoto limeshanitangazia kwamba mie si msichana tena. Mvua za vuli zilitupita kombo, lakini muhogo upo na watu wanakula.

Najua utashangaa kupata karatasi zama hizi. Nimeona heri niandike, kwa sababu kwenye simu nitaanza kulia, nawe utasema mtandao mbovu. Tena jambo lenyewe lataka lisomwe polepole, mtu akiwa ameshakula.

Harusi ya mwanangu Ruweida imepita salama Ijumaa. Picha umeziona. Wageni walitufikia hata kutoka Kojani na Fundo, na pilau ilitosha, kisha ikabaki ya kupeleka majumbani. Lakini nai ya bati ya marehemu baba, ile filimbi yake, hatukuigandisha. Ulituagiza tuitie gundi pale pale alipoiacha, isisogee tena mpaka kiama, na mie nikakujibu inshaallah. Sasa nikueleze ilivyokuwa, na usinikasirikie kabla hujafika mwisho.

Unakumbuka ilivyofika kwetu? Ulikuwa ndiyo kwanza umehamia huko Ireland, na nai ya mwanzi ya baba ilikuwa imepasuka, naye ananuna nyumba nzima. Ukamtumia filimbi yao ya chuma, ndefu kama mwiko wa pilau, ya vipande viwili, kichwa na kiwiliwili. Mzee aliigeuza huku na huku akasema, "Haroub kaniletea bomba la maji?" Akaipuliza kwa kubonyeza matundu kwa ncha za vidole, kama alivyozoea, ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Mama, Mungu amrehemu, alicheka mpaka akakaa chini. Ilimchukua muda baba kujua kwamba vidole vyataka kulazwa. Alipojua, tukakoma kulala mchana.

Nakumbuka sana zile alasiri, Haroub. Wenzake wa kikundi cha taarab wanakuja na vyombo vyao, kahawa inazunguka, na ile kodiani kongwe inavuta pumzi kama mgonjwa wa pumu. Sauti yake ilikuwa imeshuka chini kuliko vyombo vyote. Baba akawa akikivuta kichwa cha nai nje kidogo kidogo, anasikiliza, anavuta tena, mpaka zinapatana. Kisha akachukua kisu akakwaruza alama kwenye chuma, pale kichwa kilipokomea. Ndiyo alama ile unayoitaja kila tukizungumza.

Tangu azikwe, nai ilikuwa sandukuni, imefungwa kwenye kikoi chake. Ruweida ndiye aliyeitaka itolewe. Alisema hatoki chumbani siku ya harusi yake bila kusikia nyimbo ya babu, na mdogo wetu Mmanga akakubali kuipuliza. Kuitoa, kiungo kimekakamaa, kichwa hakiendi mbele wala nyuma.

Basi hapo akaingia shangazi Ummkulthum. Wamjua shangazi yetu na mafuta yake ya makonyo, yale ya vikonyo vya karafuu. Jino ni makonyo, goti ni makonyo, tumbo ni makonyo, na nadhani hata shetani akimjia atapakwa hayo hayo. Akaishika nai, akasema, "Kitu kino kimekauka tu, wanangu. Kipakeni makonyo." Nani wa kumkatalia? Tukapaka. Nyumba nzima ikanukia karafuu, kichwa kikateleza uzuri, shangazi akatembea siku ile kama daktari mkuu.

Kesho yake tukaona msiba. Kumbe ndani ya kiungo kulikuwa na mpira mwembamba wa duara, ndio uliokuwa ukishika kichwa kisicheze. Makonyo yaliula, ukalainika kama ubani uliotafunwa, ukatoka vipande. Sasa Mmanga akipuliza, kichwa chazama chenyewe, sauti yapanda. Akikivuta, chageuka upande, upepo wavuja. Shangazi akasema filimbi za kizungu hazina imani.

Ndipo tulipokupigia, nawe ukasema gundi. Sikukushangaa. Mzee alizikwa ukiwa mbali, hukupata hata gao moja la udongo wa kumtilia, na ukataka angalau kitu kimoja kibaki vile vile ulivyokiacha mkono wake. Nami nilitaka hivyo hivyo, wallahi. Nilikwenda mwenyewe dukani kwa Burhan nikanunua ile gundi ya mirija miwili ya kuchanganya. Burhan akanihakikishia kwamba ikishika, hata tembo haifungui.

Nilikwisha tandika gazeti mezani. Mmanga akanizuia mkono. "Dada, ngoja kwanza. N'sikilize." Akakishika kichwa kwa nguvu pale penye alama, akampa ishara Kificho, kijana wao wa kinanda cha umeme, abonyeze, naye akapuliza. Haroub, sauti zilikuwa zikigombana kama mawifi jikoni! Kificho mwenyewe aliinamisha uso asiniangalie.

"Ukiigandisha hapa," Mmanga akasema, "haipatani na chombo chochote kilicho hai. Hapa ilikuwa ikipatana na kodiani. Kodiani i wapi?"

Kodiani imeliwa na mende ghalani, sote twajua. Lakini nilikasirika. Nilimwambia yeye ni kitinda mimba aliyedekezwa, na kwamba anataka kumfuta baba kwa ajili ya kinanda cha plastiki. Aliiweka nai juu ya gazeti akatoka nje.

Nikabaki nayo peke yangu, nikaishika kama baba alivyokuwa akiishika kabla hajaanza, mkono wa kushoto juu ya kichwa. Hapo mkono ukanikumbusha. Hata siku moja mzee hakuipuliza moja kwa moja kutoka pale penye alama. Siku ya mvua alivuta, siku ya jua alisukuma, akija mpiga udi mgeni alivuta upya. Alama ilikuwa ya kodiani ile tu, ya kuanzia. Macho kayafumba, wenzake wanamngoja, naye anawasikiliza. Baba niliyemjua ndiye yule anayesikiliza, na huyo hawezi kutiwa gundi. Nililia, kisha nikaona uchungu wa kuitupa gundi ya watu, nikampelekea jirani akaungie ndoo yake.

Sasa nisikie nilivyoitengeneza, maana najisifu. Nilichukua uzi wangu wa kushonea kofia, nikaupitisha kwenye nta ya nyuki, nikauzungushia kwenye mfereji ule uliokuwa na mpira, duru kwa duru, bila kupandana. Kwanza ulizidi, kichwa kikakataa kuingia. Nikaufungua kidogo, nikajaribu, nikaufungua tena. Mwishowe kikawa kinakwenda kikiamriwa na kutulia kikiachwa. Mmanga alipokizungusha alinitazama akacheka, nami nikajifanya bado nimenuna.

Siku yenyewe wapiga vyombo walikaa barazani, sisi wanawake tuko ndani na bibi harusi. Dirishani nilimwona Mmanga anasikiliza kinanda, anasukuma kichwa ndani taratibu. Alama ya baba ikaingia nusu, kisha ikaingia yote, haikuonekana tena. Niligeukia ukutani, Haroub. Nilihisi kama namzika mara ya pili. Kisha nai ikalia, imepatana na kila chombo, na Ruweida akatoka chumbani amevaa ushungi wa mama. Shangazi Ummkulthum akanishika goti hili bovu akasema, "Ivo ndivyo alivyokuwa akipuliza kaka'angu." Hakuna aliyempinga, na makonyo yake tukayasamehe.

Sasa ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Mmanga hana kosa.

Bi Rahila wa nyumba ya pili anakusalimu sana, anauliza lini utamletea shali. Burhan anakusalimu. Mmanga na wanawe wote wanakusalimu, na Ruweida anasema zawadi yako imefika na mumewe ameipenda kuliko yeye. Nisalimie mkeo, wabusu watoto, na uwafunze kuitika salamu kwa sauti, wasinong'one.

Mwenyezi Mungu akupe siha, akuzidishie riziki ya halali, na akufungulie njia ya kuja nyumbani nikiwa bado nina miguu ya kukupokea bandarini. Alama ya baba haikufutika. Iko chini ya kichwa, na tangu harusi hakuna aliyekivuta itokeze. Mmanga amekataa, anasema wa kukivuta ni wewe. Njoo ukishike kichwa kwa mkono wako wa kushoto, uvute taratibu mpaka uione. Tungeigandisha, ungekuja kuitazama tu.

Wako akupendaye, dada yako,
Kazija Ngwali