Ukoko wa Tambi za Kiajemi

Jumamosi. Yeoville, mtaa wetu huku kusini mwa Afrika, umeamka na baridi kavu ya Julai. Jua linang'aa lakini halipashi kitu. Mimi nina furaha, na furaha ya mzee wa miaka sabini na miwili inahitaji maelezo.

Nianze na kosa langu. Siku ya Pasaka, mbele ya wageni, mjukuu wangu Neema alisema, "Viatu yangu imepotea." Nilimsahihisha. Akarudia vibaya, nikamsahihisha tena, na mara ya tatu wageni wakacheka. Nilifundisha Kiswahili Morogoro kwa miaka thelathini na minne, na sikuwahi kuliacha kosa lipite. Tangu siku ile Neema, ambaye ana miaka kumi na mitatu, hunijibu kwa Kiingereza tu. Mama yake, binti yangu, aliniambia waziwazi: "Baba, umemfunga mtoto mdomo."

Ni kweli, na imeniuma.

Jana Neema alikuja na karatasi. Mama wa rafiki yake wa shule ni Mwajemi, naye alimwandikia jinsi kwao wanavyopika tambi kwa nyama ya kusaga. Neema aliiweka mezani mbele yangu, akanyoosha kidole kuelekea jikoni. Nikaelewa kwamba ninaombwa.

Asubuhi nilikwenda kununua nyama kwa Mama Bea, Mkongomani mwenye duka hapo kwenye kona.

"Papa, leo ni weye unapika? Mama Neema iko wapi?"

"Yuko," nikamwambia. "Yuko kazini."

"Iko, yuko, nyama ni ile ile. Nikupimie ngapi?"

Nilichukua nusu kilo.

Neema alisoma karatasi, mimi nikakata. Tulichemsha tambi zikabaki na kiini kigumu, tukakaanga vitunguu, nyama, manjano, mdalasini kidogo na nyanya ya kopo. Kisha tukatandaza vipande vyembamba vya viazi kwenye mafuta chini ya sufuria, tukapanga juu yake tambi, nyama, tambi. Mfuniko tukauvika taulo la jikoni ili matone ya mvuke yasirudi ndani. Moto mdogo, dakika arobaini.

Karatasi ilieleza kwamba utamu wote uko chini, kwenye tabaka linaloshika sufuria na kukauka. Neema akaniuliza, kwa Kiingereza, kama sisi tuna jina la kitu hicho. Nikamwambia: ukoko. Utotoni tuliugombania.

Alinikodolea macho, kisha akacheka hadi akakaa sakafuni. Alikuwa amesikia "ugogo", na ugogo kwa Kizulu ni bibi. Alidhani tulikuwa tukigombania kumla bibi.

"Eish, Babu," alisema, akashindwa kuendelea.

Nami nilicheka. Lakini mwalimu hastaafu kabisa, basi nikamwuliza Wazulu husemaje "bibi ametoka nje".

"Ugogo uphumile," akajibu.

Nilikwenda kutazama moto.

Muda ulipotimia tuliipindua sufuria juu ya sinia, mikono minne. Nikagonga kitako chake kwa mwiko mara mbili. Ukoko ukashuka mzima, wa kahawia, viazi vimejipanga kama vigae vya paa. Nikapayuka: "Ukoko imetoka!"

Neema akainamisha kichwa upande mmoja.

"Umetoka, Babu. Ukoko umetoka. Kama ugogo uphumile: u na u."

Sijui ile "i" niliiokota wapi. Namshuku Mama Bea. Ninachojua ni kwamba mtoto alikuwa sahihi, na kwamba kanuni ya upatanisho niliyoshindwa kumtia kichwani kwa ukali alikuwa nayo siku zote, ndani ya Kizulu chake. Nilikaa kitini. Aibu niliitafuta, sikuiona.

Mama yake aliporudi tulikula sote watatu. Neema alizungumza Kiswahili mlo mzima, akimsimulia jinsi Babu alivyokosea, na katika kusimulia alikosea yeye mara tisa. Niliyahesabu makosa hayo, kwa sababu tabia haifi kwa siku moja. Kila kosa lilipotokea nilitia kipande cha ukoko kinywani, nikatafuna. Ni mgumu, humnyamazisha mtu vizuri.

Kesho Jumapili tutashinda pamoja tangu asubuhi, na ukoko tumeumaliza. Je, nitaweza?