Jina la Mashine ya Maziwa

Sironga, Nyamira

Kwako Benter, mke wa mwanangu,

Salamu nyingi, na Mungu awe amewaamsha salama huko Kisumu. Mimi mama mkwe wako ni mzima, ni goti tu linalonigombeza nikishuka mtoni, na ng'ombe amezaa. Mwanangu Mathew hajambo? Kile kikohozi chako kimeisha, ama bado unalala dirisha wazi? Nakuandikia kwa Kiswahili changu cha darasa la nne kwa sababu lugha yetu ya Ekegusii ulikataa kujifunza, na kwa barua kwa sababu kwenye simu nikianza kugomba unasema network imepotea. Karatasi haipotezi network. Soma yote.

Uliniambia nimwambie binti yako Bonareri kwamba kazi ya chama cha maziwa ikimshinda wiki ile, afunge mizigo arudi kukuuzia vitambaa dukani. Sasa sikiliza mambo yalivyokwenda.

Chama kilinunua mashine mpya wanayoiita seva. Mtoto wako alinieleza kwamba hiyo ndiyo mama, na kompyuta zingine za ofisini ni ndama, zote zinanyonya kwake. Kazi yake ilikuwa kuiwekea programu. Basi kila akiiwekea, inakwenda vizuri mpaka karibu na mwisho, halafu inakataa. Anafuta, anaanza upya, inakataa. Akabadilisha waya, akalaumu stima. Meneja Ombok, huyo mtu wa kwenu mwenye mdomo, akawa anapita mlangoni akiuliza kama ng'ombe wa chuma ameanza kukamuliwa. Nilimpelekea Bonareri obokima, ugali wetu, na mboga za chinsaga, vikapoa hapo mbele yake. Nilimgombeza, nikamwambia kitu kisichokula kisimfundishe kukaa njaa.

Mwishowe akaacha kufuta, akasoma polepole yale maandishi mekundu aliyokuwa akiyaruka kwa haraka zake. Hiyo haraka ameitoa kwako. Mashine ilikuwa inalalamika kwamba imejitafuta kwa jina lake yenyewe na haikujipata. Basi akaenda kwenye kompyuta nyingine, akaiita ile mpya kwa jina. Ikaitika. Akaizima mpya kabisa, akaita tena. Jina likaitika vilevile! Anasema nywele zilimsimama.

Unajua alikuwa ameiita nani? Nyabuto. Mashine ya zamani ilipewa jina hilo kwa heshima ya marehemu mzee Nyabuto aliyeanzisha chama. Bonareri alipoambiwa ya zamani imekufa, akaipa mpya jina lake, kama tunavyowapa watoto majina ya waliotangulia. Hata kwenu ziwani mnafanya hivyo. Kumbe haikuwa imekufa! Ilikuwa stoo inanguruma. Esnah anayefagia ofisi aliiacha imewashwa kwa sababu vifaranga wake wanapenda kulala kwenye joto lake. Kwa hiyo ile mpya ikiuliza Nyabuto anakaa wapi, inaelekezwa kwa vifaranga.

Nilicheka mpaka nikashika goti. Halafu nikamwuliza ni nani amemfundisha kurithisha jina la mtu kabla ya kuuliza kama amezikwa. Ya zamani hakuizima, kwa sababu hesabu za wakulima bado zimo ndani. Aliiachia Nyabuto jina lake na vifaranga wake, akaipa mpya jina jingine, akaandika vizuri kwenye mtandao jina hilo linakaa wapi, akaanza upya. Ikapita mpaka mwisho. Ombok mwenyewe alinunua soda, na mdomo wake ukanyamaza akiwa anakunywa.

Jina lenyewe mtoto alinificha. Ni Ombok aliyeniambia, akicheka, kwamba asubuhi karani akifungua ofisi anauliza kama Bathsheba ameamka. Nilimkemea Bonareri pale pale, nikamwambia mimi mwenye jina bado niko hai. Akanijibu kwamba anajua, na kwamba safari hii alihakikisha: aliita jina hilo kwenye mtandao wote na hakuna aliyeitika, ila mimi, niliyekuwa mlangoni na sufuria.

Sasa Benter, nikwambie kilichonishikisha kalamu. Ule ujumbe wako sikumpa. Mtoto hajui mpaka leo kwamba ulitaka arudi. Ningeweza kusema nilimhurumia asifanye kazi na hofu, lakini kweli ni kwamba mdomo wangu ulikataa. Tangu mzee wangu aondoke, nyumba hii ilikuwa kimya. Sasa jioni kuna mtu wa kuniambia nimezidisha chumvi. Ningemwambia afunge mizigo, ningekuwa nafunga ya kwangu.

Lile begi ulilotuma afungie mizigo yake usilingoje. Nimeweka humo mbegu za viazi. Ukimtaka mtoto, njoo mwenyewe umwombe, naye atajibu kwa mdomo wake. Nitakuchinjia kuku mkubwa, na Esnah amenihakikishia si wale wa stoo.

Msalimie Mathew, mwambie anyoe ndevu. Funga dirisha usiku.

Ni mimi mama yenu,
Bathsheba, yule wa nyumbani.