Funguo Alikuwa Nazo Mkononi

Chumba cha 14,
Bweni la Wasichana.
Tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limeacha kukusumbua kwenye zile ngazi za kazini kwako, na wanao pacha hawajambo. Sisi huku wazima. Mimi mwili hauna neno, ila moyo umekufa ganzi, na nimeona nikuandikie wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nipo mwezi wa pili wa mafunzo kwa vitendo. Mhadhiri wangu anatafiti maandamano ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, yale ya mwaka niliozaliwa. Yeye anawahoji walioandamana na kuwarekodi, mimi naandika yote neno kwa neno, hadi kikohozi. Kutwa nzima nimevaa vidude vya masikioni. Mwenzangu wa meza ya pili ananiita Sikio.

Wiki mbili zilizopita nilifikia mahojiano ya fundi cherehani mmoja, mama wa makamo. Alisimulia jinsi askari walivyowafukuza waandamanaji, nao wakakimbilia geti la kiwanda, wakalikuta limefungwa. Dada yake alikanyagwa na watu, akafa palepale. "Mlinzi tulikuwa tunamwita Sabalkheri," alisema, "maana hakuna asubuhi aliyoacha kutusalimu. Funguo alikuwa nazo mkononi. Akatuangalia tu."

Nilirudisha nyuma mara tatu. Shangazi, Sabalkheri wa kiwanda kile alikuwa mmoja tu. Ni baba.

Nilidhani nitalia. Sikulia. Nilimaliza ukurasa, nikaenda kula, nikafua shuka.

Kesho yake nikamwambia mhadhiri. Akasema kazi hiyo anaweza kumpa mwenzangu, hakuna atakayenilaumu. Lakini kila aliyehojiwa lazima asomewe maneno yake ayathibitishe, na niliona siwezi kumtuma mtu mwingine kwa yule mama.

Nilikwenda Jumanne. Chumba chake kimejaa sare za shule ambazo hazijatiwa vifungo. Nilisoma vizuri mpaka pale pa geti, nikaweka karatasi chini. Nikamwambia, "Mama, huyo Sabalkheri ni baba yangu mzazi."

Alitoa mguu kwenye pedali. "Yuko hai?"

"Alifariki. Huu mwaka wa tatu."

Nikaanza kukusanya karatasi zangu. Ndipo akasema, "Usifute kitu. Alilotutenda liache. Na zile salamu za asubuhi ziache pia." Akatia sahihi, akarudi kwenye sare zake. Hakunisindikiza mlangoni, wala sikutegemea.

Mama sijamwambia. Akipiga simu nasema kazi inaendelea, na ni kweli inaendelea. Najaribu kumkasirikia baba, hasira haiji. Najaribu kumtetea, maneno hayaji. Nakaa tu.

Wewe ndiye dada yake, na ya moyoni alikuwa akikueleza wewe zaidi ya wote. Kama aliwahi kukuambia lolote kuhusu siku ile, niandikie. Kama hakukuambia, niandikie pia.

Nisalimie pacha, na yule jirani yako muuguzi aliyenitumia kamusi. Bibi anakusalimu sana, anauliza miwani yake imefikia wapi. Dada mkubwa naye hajambo, anakutajataja. Mungu akulinde huko uliko, akuepushe na baridi na upweke.

Mimi mwanao, nikupendaye bila kupunguza,
Kitindamimba wa kaka yako.