Jina la Llwyn-drain

Llwyn-drain, Wales
9 Machi 1987

Mwanangu Mererid,

Salamu nyingi. Hujambo wewe na mumeo? Mimi mzima, chakula kinapita. Tangu tumzike baba yako sijatoa chozi. Nimekufa ganzi tu. Asubuhi natoa vikombe viwili, kisha nakirudisha kimoja.

Wanunuzi wa shamba walikuja, Waingereza, bwana na mkewe Helen. Watu wema. Bwana alijaribu kulitamka jina la shamba, akakwama palepale mwanzoni, kwenye zile L mbili. Gwilym jirani akamwambia, "Ulimi umeuweka vizuri, bwana, sasa puliza! Au pumzi nayo inauzwa kwenu?" Yule bwana akaona haya. Ndiyo shida yao wote: ulimi unafika nyuma ya meno, ila hawathubutu kupitisha pumzi pembeni, basi wanakimbilia sauti ya kwao iliyo karibu. Sasa anataka kulibadili liwe jina la Kiingereza.

Mchonga mawe anauliza aandike nini kwenye jiwe la kaburi. Unajua huku kwetu mtu ni shamba lake. Nani aliwahi kumwita baba yako Emrys Prydderch? Ni Emrys Llwyn-drain. Shamba likipoteza jina, yeye atakuwa nani? Niambie.

Mama yako

Bristol
20 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, mvua tu ndiyo haikatiki. Mama, tia sahihi mkataba wa kuuza. Paa linavuja, na kondoo wote wale huwawezi peke yako. Jina ni jina tu. Mimi mwenyewe ofisini wakiniuliza kwetu ni wapi, nalitamka kama wao, mwaka wa kumi huu. Ukilisema sawasawa wanakuomba urudie mara tatu, halafu wanacheka. Nilichoka kuchekwa. Njoo ukae nasi.

Binti yako,
Mererid

Llwyn-drain
2 Mei

Mwanangu,

Salamu. Kikohozi kimepungua. Nimechelewa kujibu.

Nimetia sahihi. Helen amekuja Jumanne nne mfululizo, anakaa kwenye kiti cha baba yako, nami simwondoi. Aliniambia, "Bi Luned, nifundishe. Nitaishije kwenye nyumba nisiyoweza kuitaja?" Nikamshikia kipande cha karatasi shavuni; pumzi ikipita vizuri, karatasi hutikisika. Wiki mbili alikuwa akiurushia mate mkate wangu wa zabibu. Nikamwambia, "Haya, mkate umeshaloa, chai ya nini tena?" Jumanne ya nne karatasi ikatikisika. Jioni hiyo alimwambia mumewe kwamba jina halibadiliki.

Jiwe litasimamishwa tarehe 16. Mtoto wa marehemu ndiye husoma maandishi mbele ya watu, unajua. Uje.

Mama yako

Llwyn-drain
18 Mei

Mererid,

Natumaini ulifika salama. Uliondoka bila kuaga.

Ulisoma vizuri mpaka ulipofika kwenye jina la shamba, ukalisema kama mnavyolisema huko ofisini. Najua hukukusudia. Mazoea yana tabu. Watu walitazama viatu vyao, hata Gwilym. Kisha Helen, aliyekuwa nyuma yako, akalisema tena, polepole na sawasawa, kama mtu anayeokota kitu ulichoangusha.

Nilidhani sasa nitalia. Sikulia. Nilifunga mwavuli nikaja nyumbani kuchemsha maji. Nimebakiwa na wiki mbili humu ndani.

Mama yako

Bristol
21 Mei

Mama,

Shikamoo. Ukiniuliza hali nitasema mzima, lakini si mzima. Naona aibu, na ninaona aibu zaidi kwa sababu Helen hakukusudia kuniaibisha.

Tangu jana nimesimama mbele ya kioo cha bafuni na karatasi shavuni. Mume wangu anabisha mlango, anauliza kama naumwa jino. Karatasi haitikisiki. Pumzi inatoka mbele, kama yao.

Jumanne nakuja, kabla hujakabidhi funguo. Mwambie Helen aniachie kiti.

Binti yako,
Mererid Llwyn-drain